Udongo wa Ukuta

Chupa ya tatu naitikisa tangu asubuhi.
Mna kijiko cha udongo mwekundu wa Jomvu,
maji ya mvua niliyoyakinga kwa karai,
na risasi niliyoipima tone kwa tone.
Nikichuja, maji hushuka meupe.
Mashine yasoma: hakuna. Karibu na hakuna.

"Imekwenda wapi?" aniuliza Shikely, muosha vyombo.

Haikwenda. Imeshikwa.

Kila chembe ya udongo huu imevaa kutu,
kutu ileile inayotafuna mabati yetu,
minyororo ya Kilindini,
bawaba za mlango wa bafu la mama.
Miaka yote tumeitukana kutu.
Kumbe ina mikono.
Kila mkono umebeba haidrojeni yake;
risasi ikipita, mkono huiachia haidrojeni
na kuikamata risasi,
ana kwa ana,
hata tone la maji lisipate pa kupenya.

Kaka yangu Ngowa aliyeyusha betri uani,
misimu mitatu, nyuma ya choo,
kwenye sufuria iliyopikia pilau ya arusi yake.
Alipata karo. Alipata bati sita.
Alipata na kiganja cha kulia kisichoinuka,
kinaning'inia kama nguo iliyosahaulika kambani.
Siku hizi anauza mkaa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
lakini mgeni huyu jembe simpi.
Jembe ndilo litakalomwamsha, awe vumbi.
Niliwaambia: msichimbe pale.
Mwageni chokaa, pandeni nyasi,
msimwage maji ya betri wala ndimu zilizooza,
maana mikono ya kutu ina udhaifu wake,
uchachu.
Uchachu ukizidi, kila mkono hurudia haidrojeni yake
na risasi huachwa njiani, huru.
(Kwenye tope la mikoko kuna jingine:
pasipo hewa kutu yenyewe huyeyuka,
na mkono ulioyeyuka haushiki kitu.)

Haya yote nimeyaandika. Nina daftari mbili.

Juzi nikamkuta Dama, mke wa Ngowa,
mimba ya miezi sita,
anaukwangua ukuta wa jiko kwa ukucha
na kuulamba.
"Unanukia mvua ya kwanza," akasema, akacheka kwa haya.
Ukuta ule ulikandikwa mwaka jana.
Udongo ulichimbwa uani.

Nilisimama, mkoba begani, ulimi mzito.
Mwaka mzima nimeandika: udongo huu unashika.
Unashika, naam. Masika unashika, vuli unashika.
Sikuandika neno juu ya tumbo,
na tumboni hakunyeshi mvua.
Tumboni ni uchachu mtupu.

Lugha yetu haikuzitenga:
ya bunduki risasi, ya betri risasi.
Tofauti ni kwamba hii hailii.

Leo ni chupa ya nne.
Udongo wa ukuta, kiasi cha ukucha mmoja.
Maji ya mvua nimeyaweka kando;
nimetia tindikali, kali kama ya tumbo,
vuguvugu kama mwili.
Natikisa saa nzima, nachuja.
"Meupe tena," asema Shikely. "Safi, eh?"

Simjibu. Mashine bado inawaza.
Dirishani namwona Dama kwenye benchi la nje.
Nilimnunulia karanga, nikamwambia anisubiri kidogo.
Karanga hajazigusa.
Ameokota njiti ya kiberiti,
anasafisha ukucha.