Volti Kumi na Moja

Saa kumi na mbili kasoro, Kitangari.
Nazungusha ufunguo.
Taa ya kijani inafumbua jicho nusu, inalifumba.
Nabonyeza stata: tk.
Nabonyeza tena: tk, tk,
kama mtu anayesonya kwa adabu.

Mwalimu Nampoto amekalia begi lake, hasemi kitu.
Anatazama saa tu.
Basi la Masasi halina ndugu.

Haya, tuanze na yale ya kijinga,
ndivyo alivyonifunza fundi Likwata pale stendi:
usimtafute mchawi hujatikisa tenki.
Natikisa. Petroli ipo.
Gia iko huru, klachi nimeibana,
kile kitufe chekundu sijakigusa.
Honi inalia kama mbuzi aliyemeza kamba.
Basi si plagi, si kabureta,
wala si jirani niliyemnyima lifti juzi.
Ni betri.

Siti ina skrubu tatu, ya nne ilibaki Nanganga.
Namulika fyuzi kwa simu: uzi wake haujakatika.
Kwenye nguzo ya chanya kumeota unga,
mweupe, wa kijani pembeni, kama muhogo uliovunda.
Nasugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya moto,
nakaza nati kwa spana namba kumi.
Tk.

Natoa mita ya kuazima.
Jana jioni ilisoma kumi na mbili na nusu.
Sasa hivi, kumi na moja.
Pikipiki imelala sebuleni, mlango una komeo,
volti moja na nusu imepitia wapi?
Na hii ni asubuhi ya tatu.

Kiki ilikatika mwezi wa Ramadhani,
nikasema nitanunua nyingine korosho zikilipwa.
Kwa hiyo tunasukuma.
Mteremko wa kwa Nachundu, gia ya pili,
Mwalimu nyuma, tai begani, viatu vya kiwi ndani ya tope.
Achia!
Inakohoa. Inakohoa tena. Inapiga chafya,
inashika,
na Mwalimu Nampoto, ambaye hacheki hata siku ya mahafali,
anapiga kigelegele.

*

Usiku ule sikulala.
Nilijilaza nikimsubiri mwizi, spana chini ya mto.
Saa sita ilipopita kidogo, siti ikanyanyuliwa
taratibu, kama sufuria la wali wa watu.
Nikachungulia.

Mama.
Kapiga magoti kwenye saruji, kanga moja kichwani,
waya mbili mkononi, na ile redio ya marehemu baba.
Mawe ya redio ni shilingi elfu moja mia mbili kwa jozi,
na elfu moja mia mbili ni unga.
Aliigusa nguzo kwa kidole kwanza,
kama anavyoonja chumvi.
Redio ikaamka kwa sauti ndogo, sauti ya aibu.

Marudio ya taarifa: mnada, ghala, daraja la kwanza,
fedha za wakulima zitaingia hivi karibuni.
Kilo zake mia tatu arobaini ziliondoka mwezi wa kumi na moja.
Sasa mvua imenyesha, magugu yamefika magotini,
na risiti ipo ndani ya msahafu.
"Hivi karibuni," akasema,
kisha akalirudia kwa Kimakonde,
na kwa Kimakonde lilikuwa refu zaidi.

Nilirudi kitandani.

*

Likwata aliniuliza kama nimempata mwizi.
Nikamwambia nyaya zimechakaa.
Akanitazama, akaniuzia nyaya,
nikazilipia.

Kila alfajiri naisukuma mwenyewe hadi kwa Nachundu.
Abiria wa mapema wanajua, wanakuja na ndala.
Zile skrubu tatu nimezilegeza, zinafunguka kwa vidole.
Na waya mmoja kati ya zile mbili zake
nimeufunga uzi mwekundu, uzi mnene, wa kushonea magunia,
ili hata gizani, kwa kupapasa tu,
aijue chanya.