Birika

Miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi,
nimevaa skafu hii; ncha zake zimechakaa
kama ulimi wa kiatu kikuukuu.
Hapa Valdivia mvua haipigi hodi.
Tumepiga hema kwenye matope kuliko kwenye nyasi.

Mafundo nimeyafundisha, mengine nimeyasahau.
Usiku ninaoukumbuka ni ule
Aukán, miaka minane, alipoamka
begi lake la kulalia limelowa, na si kwa mvua.
Wenzake walianza kujigeuzageuza.
Nikachukua birika la chai iliyopoa,
nikajikwaa makusudi:
"Lo! Chai yangu! Niwie radhi, mwanangu."

Skauti hasemi uongo.
Nilikuwa nimewaapisha hivyo jioni ileile, mbele ya bendera.

Juzi, kambini, magoti yameshagoma,
nimeketi juu ya kreti la viazi,
nikamwona Aukán, ana ndevu sasa, na filimbi yangu shingoni,
akijikwaa pasipo na jiwe,
birika mkononi.

Hakunitazama.
Nami sikumuuliza alijua tangu lini.
Nikajikongoja, nikashika ncha moja ya begi,
yeye nyingine,
tukalikamua.