Mtoto wa Meza

Mbao nne za msindano nilizibeba begani
toka mashineni hadi hapa Kinyanambo,
mbichi bado, zinalia utomvu.
Nikasema zitakaukia kazini.

Nilikuwa na randa ya kuazima
na futi kamba iliyokatika inchi ya kwanza:
kila kipimo sharti nikiongezee moja.
Nilisahau mara moja tu,
ndiyo maana mguu wa nne
umekalia kisigino cha kandambili.

“Mama Sikujua, si fundi Mgovano yupo?”
Yupo, najua.
Alichukua kianzio changu Pasaka,
Pasaka ikarudi bila meza.

Miguu ikasimama, uso ukalala,
nikabaki na mtoto.
Nilimpiga msasa, nikampaka mshumaa mbavuni,
akaingia kama aliyezaliwa humo.
Nikamtilia risiti za mbolea, picha ya marehemu,
funguo zisizo na kufuli.

Mvua ya Januari ikamvimbisha.
Nikamvuta, akagoma;
nikambembeleza, akagoma,
na kadi ya kliniki imo ndani, mtoto wa kuzaa ana homa.

Julai, baridi kavu ya Mafinga ikipasua midomo,
niliegemea tu meza, akatoka mwenyewe,
amekonda, analegalega,
risiti zikamwagika sakafuni.

Kabati la vyombo nitaanza Agosti.
Mbao zake ziko darini tangu Krismasi.
Kila Jumapili napanda, nazigonga kwa kidole,
nasikiliza
kama zimeacha kulia.