Tangazo la Nyumba ya Kangas

Duluth, mwisho wa Machi. Theluji ya barazani
imekuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Nimekaa garini, daftari juu ya usukani,
naandika: "Nyumba ya kupendeza, yenye mvuto wa kipekee."
Nafuta.
Neno hilo limevaliwa na kila nyumba
tangu nianze udalali. Limetoboka viwiko.

Bosi wangu, Delmar Sjoquist, ana kamusi yake:
jiko dogo liite "la kukusanya familia,"
gofu liite "fursa kwa fundi mwenye ndoto,"
na treni ikipita nyuma ya ua
andika "karibu na usafiri."
Nilimwambia siku moja, kizuri chajiuza.
"Basi wewe tunakulipia nini?" akauliza,
akarudi kwenye simu yake.

Aune Kangas, miaka themanini na sita,
alinifungulia kabla sijabisha.
Kahawa nyeusi kama lami, mkate wa iliki,
na tangazo alilokwisha kuliandika mwenyewe, kwa penseli,
nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:

    Ngazi ya tatu inalia. Usiitengeneze,
    ndivyo tulivyojua watoto wamerudi.
    Dirisha la kaskazini linapitisha baridi.
    Mume wangu aliziba kwa suruali kuukuu.
    Sauna inashika moto kwa dakika arobaini, usiiharakishe.
    Maji yaliingia chini mara moja, mwaka wa mafuriko.
    Kwenye sinki ziwa linaonekana,
    lakini sharti usimame kwa vidole.

Nikasoma mara mbili.
Nilitaka kumwambia: mama, hakuna anunuaye kilio cha ngazi.
Nilitaka kumwambia: hilo neno "baridi"
litatupunguzia dola elfu nne.
Nikamuuliza tu kwa nini hakuitaja sakafu
aliyoipigilia mumewe, ubao kwa ubao, magotini.
"Wana macho," akasema. "Si wataiona?"

Nikaenda kwenye sinki. Mimi ni mrefu,
niliona ukuta wa jirani, bomba la moshi,
na ziwa lote likanijia bila jasho, nisilithamini.
Basi nikakunja magoti mpaka kimo chake.
Ziwa likatoweka.
Nikainuka kwa vidole, polepole:
ukanda wa buluu, mwembamba kama pindo la shuka,
na meli ya madini ikiushona.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Nyumba ikisifiwa mno
huvuja kabla ya mvua.

Usiku ule niliandika:
"Vyumba vitatu, bafu moja na nusu, sauna ya kuni.
Sakafu ya mbao ngumu, imewekwa na mwenye nyumba.
Dirisha la kaskazini limechoka, bei inalijua hilo.
Ziwa linaonekana kutoka kwenye sinki:
mrefu ataliona akiosha vyombo,
mfupi atainuka kwa vidole,
kama mwenye nyumba alivyoinuka miaka sitini."
Ngazi sikuiandika. Kuna vitu
ambavyo mtu huambiwa na mguu wake.

Delmar akapiga mstari mwekundu juu ya "limechoka,"
mwingine juu ya "vidole."
Nikavirudisha vyote saa tano usiku,
nikabonyeza, nikazima taa.

Jumamosi wakaja watu kumi na mmoja.
Hawakuanza na sebule.
Walivua viatu, wakapanga foleni jikoni:
mwalimu wa hesabu, wauguzi wawili wanaochumbiana,
mwanamume mwenye mtoto kifuani,
aliyejiona mwenyewe kwanza, kisha akamnyanyua mtoto.

Aune alikuwa garini mwangu, hita ikivuma,
kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi.
Alitazama dirisha la jikoni kwa muda,
vichwa vikipanda na kushuka nyuma ya kioo.
"Marlys," akasema, "wanafanya nini humo?"
"Wanainuka," nikamjibu.
Akaipapasa mikoba yake, akitafuta miwani.