Fungu la Nne

Jua la Leicester, Desemba, huchelewa kazini.
Leo limeripoti saa mbili na dakika kumi,
na Kanchanben ameanza kuhesabu hapo:
si usiku wa manane, kama kompyuta ya bosi wangu,
bali pale wekundu ulipogusa dohani la jirani.

Mchana ni mkate, anasema, hukatwa mafungu manane.
Juni kila fungu hushibisha, saa mbili na ushei;
leo ni vipande vya dakika hamsini na saba.
Ijumaa, fungu la nne ni la Kaal.
Haliliwi. Halianzishwi kitu.

Nami nimeegesha gari la mizigo juu ya mistari ya njano.
Sofa limo, cherehani imo, miungu imeviringishwa kwa taulo.
Amebaki yeye, ameketi kwenye ngazi na pochi yake.
Jitesh anambembeleza mama yake kwa Kigujarati,
kisha kwa Kiingereza, kisha kwa kushusha pumzi:
makao ya wazee wanangoja, wamekwisha piga simu mara mbili.

Kalenda ya ukutani imechapwa kwa jua la hapahapa.
Ya kwanza ilitoka Rajkot, mwaka wa sabini na tatu;
marehemu mumewe aliisahihisha kwa penseli,
akitoa, akijumlisha,
hadi mwezi ukakubali kuhamia.

Akaniuliza mimi: saa ngapi?
Ulimi ukaniponyoka: "Saa tano na nusu."
Simu ya Jitesh ilisema kumi na moja na nusu.
Kanchanben akacheka, meno yote ya kununua yakaonekana.
"Huyu anajua," akasema, kwa Kiswahili cha Bukoba,
cha kaunta ya duka, chenye kutu ya nusu karne.
"Huyu naye anahesabu toka jua."

Tukangoja. Akanieleza habari za tithi:
mwezi ukijitenga na jua digrii kumi na mbili, siku imetimia,
iwe adhuhuri, iwe usiku wa kiza, haimwombi mtu ruhusa.
Zipo zinazozaliwa jua likishatoka
na kufa kabla halijatoka tena.
Hizo huhesabiwa kwa kurukwa.
Mumewe aliondoka katika mojawapo.
Cheti cha hospitali kina tarehe, alisema,
akafuta miwani, ambayo haikuwa chafu.

Saa sita. Shubh.
Mguu wa kulia, kizingiti, baridi.
Faini ya maegesho ilikwisha bandikwa kiooni;
Jitesh akaitia mfukoni bila neno.

Chumba kipya kipo ghorofa ya pili, zulia linanuka gundi.
Hakuuliza kitanda, wala choo, wala saa ya chakula.
Aliliendea dirisha.
"Hapa jua hutokea wapi?"

Miaka tisa naendesha gari mji huu.
Nikanyosha kidole kwenye mapipa ya taka,
nikakirudisha,
nikakipeleka upande wa pili.