Viazi Vimeungua

Kirsten alifika Matamba na daftari la safu mbili:
kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza,
katikati mstari mwekundu wa rula.
Alipanga chumba kwangu, mwezi wa sita.
Mlipaji mzuri, mlaji mdogo,
muulizaji, usiombe.

Tulianza na vyepesi. Sufuria. Kuni. Ndoo.
Akaandika, akapuliza wino ukauke,
pumzi ikatoka na moshi wake.
"Na huu unaitwaje?" Akiuonyesha kwa kalamu.
Nikasema mvuke. Nikasema baridi.
Nikasema andika tu: Makete.

Kamusi yake ilizaliwa pwani, nadhani.
Ilimfundisha mbuzi ya kukunia nazi
kabla ya mbuzi mla mahindi ya jirani.
Akaenda kwa Enelia Luvanda, akaulizia bei,
kisha akauliza kama meno yake ni makali.
Enelia alikamata beberu, akampanua mdomo,
akamwambia, karibu, hakikisha mwenyewe.

Bado lilimsumbua.
Umekula? Bado.
Basi la Mbeya limepita? Bado.
Kijana wa Sefania Chaula, aliyekwenda Makambako
mwaka ule gunia lilipouzwa bei ya kutupa,
amerudi? Bado.
"Lini sasa?" akauliza, kalamu juu.
Nikamwambia bado halina tarehe.
Ndiyo maana mama yake huweza kulitamka
huku anapepeta maharage.

Na pole! Kulia aliandika neno la kuomba radhi.
Siku nilipojikwaa kizingitini, ndoo ikanimwagikia,
alisema pole, halafu akakunja uso:
"Lakini sikukusukuma mimi."
Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni, nikacheka.
Jiwe ndilo lenye kosa, nikamwambia,
ila jiwe halina mdomo,
kwa hiyo unalisemea.

Ndipo ikaja asubuhi ile.
Sefania hakubisha hodi. Alisimama uani,
blanketi begani, kofia mkononi.
"Mwalimu, viazi vimeungua."

Kirsten alilijua neno hilo. Ukurasa wa nne,
chini ya moto, juu ya majivu.
Nilisikia mlango wake, nikasikia ndoo,
nikamwona anashuka mteremko anakimbia,
maji yanaruka huku na huku,
anapiga kelele, "Uko wapi? Moto uko wapi?"

Shamba lilikuwa jeupe kutoka mfereji mpaka mfereji.
Umande ulioganda ulilia chini ya viatu vyake.
Akasimama katikati na ndoo yake.
Hakuna aliyecheka, hata watoto.

Baadaye akafungua kamusi, vidole vinatetemeka.
"Sakitu," akasoma. "Neno lipo. Sakitu."
Miaka kumi na tisa nafundisha Kiswahili,
sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mtu.
Sefania alilitamka polepole, sakitu,
kama anayeonja dawa ya mwenzake,
akalirudisha.
"Hapana, dada. Vimeungua."
Akachuma jani, akamwekea kiganjani:
jeusi, limejikunja,
likasagika kama karatasi iliyopita jikoni.

Alilitazama muda mrefu.
"Pole," akasema. Safari hii hakukunja uso.
"Ahsante," akajibu Sefania, kama desturi, "nimeshapoa,"
halafu akajisikia alichokisema,
akatazama lile shamba jeupe, akajipangusa pua,
na cheko likamtoka, kavu, la mara moja.
"Eeh. Nimepoa kweli."

Maji ya kuzimia moto tuliyachemshia chai.

Usiku, kushoto, aliandika upya: kuungua.
Kulia akaacha kalamu hewani.
"Niandike nini huku?"
Nilikuwa namenya viazi vya msimu uliopita,
vidogo, vya mwisho mwisho, vidole vimekufa ganzi.
Nikamwambia, bado.