Mweka Hazina

Kamati ya harusi ilikaa Sinza, nyuma ya baa ya Mama Ngonyani,
na kama kawaida daftari nikatupiwa mimi:
"Wewe si mhasibu bwana, andika."

Nikaandika. Shangazi Tumsifu, laki mbili, taslimu.
Majirani wa Kijitonyama, kreti nane za soda.
Ndipo akasimama Mgonja, shati limenyooka pasi,
akaipandisha sauti juu ya muziki:
"Milioni tatu! Na ukumbi niachieni mimi."

Vigelegele.
Nikaandika tatu, nikaisindikiza na sifuri sita.
Mkono haukutetemeka.

Asubuhi ya siku ileile, ofisini Mtaa wa Mkunguni,
feni ikizungusha joto lake la jana,
tulikuwa tumefunga vitabu vyake:
duka la vipuri, mauzo yamekauka,
kodi ya pango miezi saba,
benki, elfu arobaini na moja.
Alinitazama kama mgonjwa amtazamavyo daktari.
Sikusema pole. Nilimwonyesha pa kusaini.

Tulipotoka, wifi Eliaichi akanivuta hadi penye jenereta.
"Mgonja anataka tuingie ubia.
Nina kiinua mgongo changu, chote.
Wewe unamjua. Nimpe?"

Mahakama ikiniita kwa hati, nitasema.
Mamlaka ya mapato wana mlango wao, wanaujua.
Lakini wifi hana hati,
ana mkoba wa ukili na miaka ishirini na sita ya chaki.

"Mtu yeyote akiniuliza," nikasema,
"humwambia adai hesabu zilizokaguliwa
kabla hajatoa hata shilingi. Adai kwa mwenyewe."
"Mimi ni mtu yeyote?"
Akaupekua uso wangu
kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani.
Niliuacha mtupu. Unauma, uso, ukiushikilia hivyo.
"Damu nzito kuliko maji," akasema.
Sikumtajia uzito wa wino.

Nilipoapishwa nilidhani siri ni kabati:
unafunga, unatia ufunguo mfukoni, unaenda kula.
Kumbe unakwenda nayo msibani, sokoni,
unalala nayo, mume akiuliza una nini
unasema joto.
Na mteja akikuhama, yeye huondoka na mafaili,
hiyo hukuachia.

Leo Alhamisi. Nimefungua daftari la kamati.
Safu ya *Ameahidi*: 3,000,000.
Safu ya *Ametoa*: nafasi tupu, sijaigusa.
Wifi hajanipigia tangu Jumapili.
Sijui kama ametoa.